Lindi chini ya asilimia 1, Njombe 11.4: ni damu yetu au ni jando na barabara?

Mwanamaabara wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kusini, wengi mtakuwa mmeshaupokea. Unasema watu wa Lindi na Mtwara tuna "damu nzito", eti VVU vinagonga mwamba kwetu kwa sababu ya asili yetu, na ushahidi umebandikwa hapo chini: takwimu za serikali. Takwimu zenyewe si za uongo. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016-17 ulikuta Njombe ina maambukizi asilimia 11.4, wakati Lindi na Zanzibar zilikuwa chini ya asilimia 1. Nchi moja, lugha moja, pengo la zaidi ya mara kumi. Ni halali kabisa mtu kuuliza kwa nini.

Ninachokataa ni jibu. Nimeshasikia vijana hapa mjini wakilitumia kama ruhusa, na mnajua ruhusa ya nini.

Tuanze na kilicho kweli. Vinasaba vya mtu vinaweza kumkinga na kirusi, hilo halina ubishi. VVU vikitaka kuingia kwenye seli ya kinga vinahitaji milango miwili: mmoja unaitwa CD4, wa pili kwa kawaida ni CCR5. Mwaka 1996 watafiti waligundua kuwa kuna binadamu ambao mlango wa pili hawana. Jeni yao ya CCR5 imepungukiwa herufi 32 za DNA, kwa hiyo kinachotengenezwa ni kibovu na hakifiki hata kwenye ukuta wa seli. Aliyerithi nakala mbili mbovu, ya baba na ya mama, aina za kawaida za VVU zinashindwa kumwingia. Mmarekani Timothy Ray Brown alikuwa anaishi Berlin na VVU, akapata saratani ya damu. Mwaka 2007 alipandikizwa seli za uboho kutoka kwa mtu mwenye nakala hizo mbili. Aliacha ARV, na VVU havikurudi hadi alipofariki 2020 kwa saratani ile ile.

Sasa hiyo "damu nzito" iko wapi? Iko Ulaya ya kaskazini, ambako takriban mtu 1 kati ya 100 ana nakala mbili. Kwa Waafrika weusi karibu haipo. Kwa maana hiyo, kama maambukizi yangegawanywa kwa CCR5, Lindi na Njombe tungekuwa kapu moja.

Halafu kuna suala la muda. Jeni ya kinga haienei mkoa mzima kwa miaka arobaini. Inataka ugonjwa uwaondoe wasio nayo kabla hawajazaa, kizazi hadi kizazi, mpaka waliobaki wengi wawe nayo. VVU vilihamia kwa binadamu kutoka kwa sokwe mwanzoni mwa karne ya 20 huko Afrika ya Kati, na hapa nchini wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Wajukuu wa waliokuwa vijana mwaka ule ndio kwanza wapo sekondari.

Na Mmakonde, Mmwera, Myao na Mmakua wa huku, na Mbena wa Njombe, wote ni wa lugha za Kibantu, mababu walitoka upande mmoja wa magharibi mwa bara hili ndani ya miaka elfu chache. Tofauti za vinasaba kati yao zipo, ila ni ndogo mno kubeba pengo la mara kumi.

Kinachoweza kulibeba tunakijua wote. Huku kwetu mtoto wa kiume kukua bila jando ni habari ya kushangaza. Njombe kihistoria tohara haikuwa mila. Majaribio makubwa ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda, yaliyotoka 2005 na 2007, yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ndiyo maana kampeni ya tohara ya kitabibu ilipoanza nchini, Iringa na Njombe zilikuwa mbele kwenye orodha, sio sisi.

Ongeza barabara. Makambako, mkoani Njombe, iko kwenye njia kuu ya kwenda Zambia, malori usiku na mchana, mashamba ya chai na mbao yanavuta vibarua walioacha familia zao mbali. Sisi mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 tulikuwa watu wa kusubiri pantoni, na masika ikikolea gari linakwama siku kadhaa. Tulilalamika sana kutengwa. Kutengwa huko kulivichelewesha na VVU pia.

Kwa hiyo kinga yetu, kwa sehemu kubwa, ni ya ngariba na ya barabara mbovu. Barabara sasa ni lami, na ngariba hajawahi kumkinga mwanamke moja kwa moja. Karibuni tujadili.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Mkuu umeandika gazeti zima lakini nimelimaliza. Swali moja. Sikoseli tuliambiwa shuleni kwamba ni ya Waafrika na inakinga malaria. Hapo si damu imetofautisha watu? Mbona kwenye VVU unakataa?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Swali zuri, na halinipingi. Malaria si kirusi, ni kimelea, lakini tukichukue kama mfano maana ndio mfano safi kuliko yote. Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye nakala moja ya sikoseli anapata ahueni kubwa dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili anaugua. Malaria imekaa hapa maelfu ya miaka ikiua watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo ilikuwa na muda wa kuchuja. VVU havijapata muda huo.

Ila angalia jambo moja: sikoseli ipo pia India, Uarabuni na Ugiriki. Imefuata malaria ilikokaa, haikufuata rangi ya ngozi. Ukiiita "damu ya Mwafrika" unakosea pande zote mbili, maana hata ndani ya Afrika kuna maeneo ya baridi ambako ni nadra.

---

Msomi Njaa

Sawa, tuache VVU. Corona je? 2020 walitutabiria maiti barabarani, hazikuonekana. Na kuna wanasayansi wa huko huko Ulaya walisema Wazungu wamerithi kitu kutoka kwa watu wa kale, sisi hatuna. Hilo nalo utasema ni barabara mbovu?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Hapa una hoja nusu, nitakupa nusu yako yote.

Mwaka 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kwamba kuna kipande cha kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya kuugua sana corona, na kwamba kipande hicho binadamu wa leo walikirithi kutoka kwa Neanderthal, jamii ya watu wa kale walioishi Ulaya na Asia. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, Ulaya ni kama asilimia 16, Afrika karibu hakipo kwa sababu Neanderthal hawakuishi huku. Huo ni ukweli, na ni mfano wa kweli wa jamii moja kutofautiana na nyingine mbele ya kirusi.

Lakini pima uzito wake. Kipande hicho kinazidisha hatari kwa takriban mara 1.6. Umri peke yake unaizidisha kwa makumi ya mara ukilinganisha kijana na mzee wa miaka themanini, na nusu ya Watanzania wana miaka kama 18 au chini yake. Sasa chukua hii uitafune: Uingereza, wimbi la kwanza la 2020, watu wenye asili ya Afrika walikufa kwa kiwango cha juu kuliko Wazungu wa pale pale, ilhali kipande hicho hawana. Walikuwa madereva wa basi, wauguzi, walinzi, wanakaa wengi nyumba moja. Jeni nzuri hazikuwaokoa na kazi mbaya.

Kuna kisa kingine nyuma ya kipande hicho. Zeberg alirudi mwaka 2022 akaonyesha kwamba wenye nacho wana hatari ndogo ya kupata VVU, pungufu kwa asilimia 27 hivi, kwa sababu kipo jirani na ile CCR5 niliyoitaja juu. Kitu kile kile kinakuangusha kwa kirusi hiki na kukuinua kwa kile. CCR5 yenyewe ni hivyo hivyo: wasio nayo wako salama na VVU, ila wakipata kirusi cha West Nile, kilichogunduliwa Uganda 1937, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua. Ndiyo maana maneno "damu bora" hayana maana mpaka uniambie bora dhidi ya nini.

Na kwa watu wa pwani, msiseme "sisi hatuna" kwa sauti kubwa sana. Utafiti wa mifupa ya kale uliotoka 2023, iliyomo ya Kilwa na Songo Mnara, ulikuta wengi waliozikwa pale walichanganya asili ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi. Ukiwa wa Kilwa Kivinje unaweza kuwa na chembe ya Neanderthal na usijue.

---

Msomi Njaa

Hahaha. Mjomba wangu wa Kilwa anayejiita Mshirazi nimemtumia hii. Amenijibu "nyamaza".

---

mama_wawili

Samahani mleta uzi, mimi sina elimu kubwa ya mambo haya ila kuna kitu kinanisumbua. Watoto wangu wote wawili walipata matone ya chanjo ya kuharisha, tarehe sawa sawa na kadi. Wa kwanza hajawahi kulazwa. Wa pili alilazwa na kuharisha akiwa na miezi kumi na moja, akawekewa dripu, na muuguzi mmoja akanijibu kwa mkato tu kwamba "miili inatofautiana". Ni kweli au alitaka niondoke?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Pole dada, na usiombe samahani, swali lako ndilo limegusa kiini kuliko yote. Alikujibu kwa mkato lakini hakukosea.

Kirusi cha rota hushika kwenye ukuta wa utumbo kwa kutumia sukari fulani zinazoota juu ya seli. Sukari hizo zinaamuliwa na jeni, ikiwemo moja iitwayo FUT2. Kuna watoto ambao FUT2 yao haifanyi kazi, na aina iliyozoeleka ya rota inapata shida kuwashika. Aina hiyo hiyo ndiyo iliyotengenezwa kuwa chanjo yetu, ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2013. Unaona mtego ulipo? Chanjo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na kisiposhika vizuri tumboni, mwili haujifunzi vizuri. Tena Afrika kuna aina nyingine ya rota, inaitwa P[6], ambayo huwapata hata watoto ambao ile ya kawaida inawashindwa.

Ila tusimalize kwa jeni tena. Kwenye jaribio la chanjo hii lililotoka 2010, kinga dhidi ya kuharisha kukali kwa rota ilikuwa asilimia 77 Afrika Kusini na 49 Malawi. Malawi ni jirani zetu kabisa, Wayao wao na Wayao wetu ni ndugu. Pengo hilo linachangiwa pia na kingamwili za mama kwenye maziwa, matone ya polio yanayotolewa siku hiyo hiyo, na wadudu wengine waliokwisha kukaa tumboni mwa mtoto. Na bado, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi ndiko walikookolewa wengi zaidi na kuharisha kukali, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingi kule. Kwa hiyo mtoto wa tatu akija, chanjo iko pale pale. Na ORS na zinki ziwepo nyumbani.

---

mama_wawili

Wa tatu hatakuja lakini nimekuelewa. Asante sana.

---

Mwana Ruangwa

Na sisi Ruangwa 2022 watu walipotoka damu puani? Wengine walikufa wengine hata kikohozi hawakupata. Ile ilikuwa damu au vipi?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Ile haikuwa kirusi, mkuu. Ilikuwa homa ya mgunda, bakteria wa mkojo wa wanyama, hasa panya, anayeingia kupitia maji na tope. Ilithibitishwa mwezi Julai, wagonjwa 20 na vifo vitatu. Nani aligusa maji gani, hilo ndilo la kwanza kuuliza pale.

---

Babu wa Mahuta

Wajukuu, nimesoma kwa miwani miwili. Mimi ni wa huku uwandani, umri wangu msiulize. Mwaka ule wa homa ya viungo nilikuwa mdogo lakini naikumbuka, watu walitembea wameinama kama wanatafuta sindano. Baadaye tukasikia dunia nzima inaiita kwa Kimakonde. Sasa mjukuu nieleze. Kama unasema kabila si kitu, kwa nini ugonjwa uanzie kwetu Wamakonde? Wazungu wa wakati ule walituangalia kama watu wa damu dhaifu, nilisikia kwa masikio yangu.

---

Mwanamaabara wa Shangani

Shikamoo babu. Umeniletea zawadi, maana mfano mzuri kuliko wa chikungunya sina, na umetoka nyumbani.

Mlipuko ule ulikuwa 1952 hadi 1953, Newala na Masasi. Daktari Marion Robinson na mtafiti Lumsden waliuandika mwaka 1955, na kirusi chenyewe kilitolewa kwenye damu ya mgonjwa wa kipindi kile. Kuandikwa kwanza huku hakumaanishi kulianza kuishi huku. Kirusi hiki kilikuwa kinazunguka Afrika muda mrefu kwa nyani na mbu wa msituni.

Kilichokuwa cha pekee uwandani, babu unakijua kuliko mimi: maji. Juu hakuna mto. Mwanamke anashuka bondeni usiku wa manane, anapanda jua likiwa utosini, na maji yale hayamwagwi hata yakikaa. Yanatunzwa ndani ya nyumba, na mbu wa Aedes, yule wa mabaka meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga humo humo. Nyumba ikawa ya watu na ya mbu. Hapo hata wangekaa Wanorwei wangeinama vile vile.

Ushahidi? Lamu mwaka 2004 kulikuwa na ukame, watu wakatunza maji majumbani, chikungunya ikaingia na kuwapata takriban asilimia 75 ya wakazi. Watatu kati ya wanne. Kisha ikaenda Komoro, na 2005-06 ikafika kisiwa cha Réunion, ambako wamechanganyika Waafrika, Wahindi, Wachina na Wafaransa, ikapata karibu theluthi moja ya watu wote. Na pale Réunion jeni iliyobadilika haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kirusi. Badiliko moja tu kwenye protini yake ya nje lilikifanya kistawi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye kisiwani amejaa. Kwa hiyo tukizungumza vinasaba na virusi tusitazame upande wetu tu, na wao wana vya kwao, na wanabadilika haraka mno kuliko sisi.

---

Babu wa Mahuta

Marahaba mjukuu. Mama yangu alikuwa na mitungi sita nyumbani, hakuna hata mmoja uliokuwa na kifuniko. Basi nimepata jibu.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Babu atafutiwe beji ya heshima kwenye jukwaa hili. Mkuu, swali la pesa sasa: kuna kampuni za nje unawatumia mate wanakupimia vinasaba, wanakuambia hatari zako zote. Inafaa kwa mtu wa huku?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Kama una hela ya korosho isiyo na kazi, sikuzuii. Ila jua wanachokisoma wamejifunzia kwa nani. Hesabu iliyofanywa 2019 ilionyesha asilimia 78 ya watu waliowahi kuingizwa kwenye tafiti kubwa za jeni na magonjwa ni wa asili ya Ulaya, Waafrika ni asilimia 2. Wakati huo huo Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote. Sarah Tishkoff na wenzake walipima jamii 121 za Afrika mwaka 2009, Tanzania ikiwemo, na wakaona asili 14 ndani ya bara letu. Ukipata majibu kwamba "hatari yako ni ndogo", hatari hiyo imekadiriwa kwa mtu mwingine. Hapa kweli nina hasira kidogo, maana jeni zinazokinga dhidi ya virusi vya huku huenda zimo humu humu, na hakuna anayezitafuta kwa bidii inayostahili.

---

Mchinga Kwetu

Nimekaa kimya muda wote maana swali langu ni la aibu kidogo. Kaka yangu ana VVU, ameanza dawa miaka kadhaa sasa. Mke wake anapimwa, hana. Kila mara hana. Kaka ameshaamini mke wake ana hiyo damu ya kukataa, na anataka kuacha dawa eti hata hivyo mke haambukizwi. Nimwambie nini?

---

Mwanamaabara wa Shangani

Mwambie leo, usisubiri kesho. Mke wake yuko salama kwa sababu ya dawa anazomeza mume. Utafiti uliofanywa kwa wanandoa 1,763 katika nchi 9, Kenya na Malawi zikiwemo, uliotoa matokeo 2011, ulionyesha kuanza ARV mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Akiacha dawa, virusi vinarudi ndani ya wiki chache, na ulinzi wa mke unaondoka.

Na kuhusu "damu ya kukataa": iliwahi kuchunguzwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Pumwani, Nairobi, tangu miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na wachache walikaa miaka bila kuambukizwa licha ya hatari kubwa. Haikuwa ile CCR5 ya Wazungu. Kinga ya miili yao ilikuwa imejifunza kuvitambua VVU. Lakini baadhi yao waliopunguza kazi hiyo au kupumzika kwa muda, kisha wakakutana na virusi tena, waliambukizwa. Hata hao, waliokuwa na dalili zote za kukingwa.

Kaka yako aombe kipimo cha wingi wa virusi kwenye kliniki anakochukulia dawa, na waende wote wawili. Mke aulizie PrEP, yaani dawa anazomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, hasa kama kaka amekuwa anaruka dozi.

---

Mchinga Kwetu

Amekuwa anaruka. Nampigia sasa hivi.